Vigae Arobaini na Vinane vya Nyamira

Mjukuu wangu Moraa anafanya kazi Nairobi ya kuiandikia kompyuta amri, nayo kompyuta inachora. Hachori yeye. Anaiambia: anza hapa, ukikuta hivi fanya hivi, ukikuta vile fanya vile, halafu anakwenda zake kunywa chai. Akirudi anakuta picha ambayo hata yeye hakujua itatokeaje. Sikukuu iliyopita alikuja nyumbani na wenzake watatu, wakanionyesha picha hizo kwenye simu. Nikavaa miwani, nikatazama, nikacheka mpaka wakatazamana.

"Magokoro, unacheka nini?" Moraa akaniuliza. Magokoro ndiyo nyanya kwetu Wagusii.

Nikamwambia kazi hiyo niliifanya mimi kabla mama yake hajamaliza kuota meno, tena kwa spoki ya baiskeli. Hawakuniamini. Walipoona sitanii wakaniomba niwaandikie. Basi vijana, naandika, ila mjue mapema kwamba sina subira na mtu anayeruka kurasa.

Nilifanya kazi ya jiwe la sabuni miaka thelathini na kidogo, karakana moja tu, pale Mosocho. Jiwe lenyewe lilitoka Tabaka. Likiwa limetoka kuchimbwa ni laini, unaweza kulikata kwa msumeno wa mbao, lakini ukiliacha juani siku mbili tatu linakuwa kichwa ngumu. Kwa hiyo tulilifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kabla ya kulikata unaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Lenye ufa husema kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mafua. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijifanya nasikia, kumbe sisikii kitu, nikapitisha mawe matatu mabovu, na yote matatu yakapasukia mikononi mwa wachongaji yakiwa karibu kuisha. Mmoja wao hakunisalimia mpaka Krismasi.

Siku zile wanaume walichonga na wanawake tukasugua. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wao walikaa na patasi na tupa, wakitoa viboko, samaki na sahani, sisi tukakaa kwenye makarai ya maji na msasa, tukilainisha walichotoa. Ukisugua siku nzima ncha za vidole zinakuwa laini mpaka huwezi kuokota sindano. Mimi sikuwa na chuki na karai, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mistari. Kuna sahani zilizopakwa rangi nyeusi, halafu mtu anakwaruza mistari kwa chuma chenye ncha, na weupe wa jiwe unatokea. Aliyeikwaruza mistari hiyo vizuri kuliko wote pale Mosocho alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo sasa lazima niwaeleze kitu, maana ninyi mnakumbatiana na wakwe zenu kwenye harusi na kupiga picha. Kwetu kuna chinsoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana hampi mkono, hamkaribii, hapiti karibu yake, hamtazami usoni kama anayetafuta kitu. Kuongea mnaongea, kwa adabu na kwa umbali. Mimi nilipoajiriwa, baba mkwe alikuwa ameshakaa kwenye karakana ile miaka mingi. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa taratibu, alikubali nifanye kazi kwa sharti moja: kiwekwe kiambaza.

Msimamizi wa karakana alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba aliyekuja Kisii kufuata jiwe akalipenda. Hakuelewa hata kidogo.

"Hii ni karakana ama ni boma ya mtu?" aliuliza. "Nikiweka ukuta ya kila mkwe, si tutachongea barabarani?"

Lakini alikiweka. Kilikuwa cha matete yaliyofungwa kwa kamba, kutoka sakafuni hadi kichwani mwa mtu. Upande wa mashariki, ulio wazi kwa jua, walikaa wachongaji, na baba mkwe akakaa kwenye kigoda chake ameegemeza mgongo kwenye matete. Upande wa pili tulikaa wanawake na makarai yetu. Mimi na yeye tulitengwa na upana wa tete moja, na kwa muda mrefu alichojua kuhusu kazi yangu ni sauti ya msasa.

Kazi ya Nyamira ilikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wakulima wa chai walikuwa wamejenga ukumbi wa mikutano, nao walitaka ukuta wa mbele uwe na vigae vya jiwe la sabuni, arobaini na vinane, safu nne za vigae kumi na viwili. Hawakutaka wanyama. Hawakutaka sura ya mtu, maana Wakatoliki na Wasabato wangeanza kuulizana ni mtakatifu gani. Walisema wanataka kitu cha kwetu, kisichokuwa picha ya kitu. Mutiso alirudi akikuna kichwa.

Baba mkwe alijua la kufanya, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Sahani aliweza, kwa kujikaza. Kigae cha mistari mia mbili iliyonyooka hakuweza. Wachongaji wengine waliiona kazi ile wakasema ni kuhesabu kama wanawake wanaosuka. Baba mkwe akajibu kutoka kwenye kigoda chake, bila kugeuka, "Basi apewe mwanamke. Nyuma yangu kuna mmoja ambaye msasa wake haurudii mahali mara mbili."

Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye karai. Mutiso akaniambia, "Mama Nyaboke, jaribu. Ukiharibu, unarudi kwa maji." Nyaboke ni binti yangu wa kwanza, mama yake Moraa, na wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni.

Sasa fikirini shida yenyewe. Fundi yeyote anakufundisha kwa kukushika mkono. Anakaa kando yako, anachora kidogo, anakupa chuma, anakusahihisha kidole. Baba mkwe hangeweza kufanya hata moja kati ya hayo. Hangeweza kuja upande wangu, wala kugusa jiwe nililolishika, wala kutazama mikono yangu. Kilichobaki kilikuwa maneno. Alichojua chote ilibidi akigeuze amri fupi, ziwe wazi kiasi kwamba mtu asiyemwona asikosee. Moraa ananiambia kompyuta nayo iko hivyo hivyo, huwezi kuishika mkono. Basi mimi nilikuwa kompyuta ya kwanza Mosocho, na nilikuwa nanyonyesha.

Amri zenyewe alizitoa kwa mama yake. Mama huyo alisuka ekee, kile kikapu cha mabua ya wimbi tunachopakulia ugali, na baba mkwe alipokuwa mdogo ndiye aliyemhesabia mishono. Kila mshono mpya wa ekee hutazama mishono ya mzunguko uliotangulia na kuamua uwe na rangi gani. Yule mama hakuwa na mchoro popote. Alikuwa na sharti moja tu kichwani, na mapambo yakajitokeza yenyewe.

Tukaligeuza sharti hilo kuwa la vigae. Kigae kimelainishwa, kimekauka kabisa, kimepakwa rangi nyeusi. Nasema kabisa kwa sababu mimi nilipaka kimoja kikiwa na unyevu tumboni, na baada ya wiki kikatoka mabaka. Halafu unapiga mistari ya uzi uliopakwa unga wa jiwe jeupe, upate miraba kumi na sita kwenda kulia na kumi na sita kwenda chini. Kuanzia mstari wa pili, kila mraba hutazama miraba miwili iliyo juu yake: ulio juu moja kwa moja, na ulio juu kushoto. Ikifanana, miwili myeupe au miwili myeusi, acha mraba wako ubaki mweusi. Ikitofautiana, kwaruza uwe mweupe. Mraba wa ukingoni kushoto hauna jirani, basi huo unafuata ulio juu yake. Mwisho wa masharti. Chukueni karatasi ya hesabu mjaribu, mkianza na mraba mmoja tu mweupe juu. Mtaona pembetatu zinazaa pembetatu, na hamkuchora hata moja.

Lakini mstari wa kwanza kabisa unatoka wapi? Hilo nilimuuliza mimi, kupitia kwa Kwamboka, mwanamke mwenzangu wa karai, kwa sababu siku za mwanzo nilikuwa naona haya hata kuuliza moja kwa moja.

Baba mkwe akasema, "Mwambie atazame benchi lake."

Nikatazama. Jua la asubuhi lilikuwa likipenya kati ya matete na kuanguka kwenye benchi langu vipande vipande, mwanga, kivuli, mwanga, mwanga, kivuli. Nilikuwa nimekaa nalo miezi na kazi yangu ilikuwa kulikwepa lisiniingie machoni. Tukakubaliana hivi: kengele ya mapumziko ya shule ikilia, naweka kigae mahali pale pale kwenye benchi, na miraba ya juu itakayopigwa na mwanga naikwaruza. Iliyo kivulini naiacha. Kutoka hapo sharti linafanya kazi yake.

Chuma changu kilikuwa spoki ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe la mlangoni. Spoki inashinda msumari kwa sababu inanesa kidogo, haichimbi. Ya kwanza niliipata kwa fundi wa baiskeli. Ya pili na ya tatu nilizipata karibu zaidi, na mume wangu aligundua siku gurudumu lilipoanza kucheza akiteremka kilima cha kuelekea Keroka. Alirudi akisukuma, suruali imejaa tope. Tangu usiku ule alianza kulala na baiskeli chumbani.

Kila siku kigae kimoja. Karakana ilifanya kazi siku tano tu, maana sisi Wasabato tulifunga Jumamosi na Mutiso alifunga Jumapili, na hakuna aliyekubali kumpunguzia Mungu wake. Nilisoma miraba kwa sauti huku nikifanya: kwaruza, acha, acha, kwaruza. Baba mkwe alisikiliza akiwa ameufungia mstari wa juu kichwani, na nikikosea anasema neno moja, "Rudia." Hakuwahi kusema vizuri. Siku ambayo hakusema rudia hata mara moja, nilikwenda nyumbani nikiimba.

Kulikuwa na jambo moja la kiambaza kile. Yeye alikaa katikati, mgongo kwenye matete, kwa hiyo kivuli chake kiliangukia katikati ya kigae changu. Kila mstari wa kwanza ulikuwa na miraba minne au mitano myeusi pale pale. Nikamtuma Kwamboka amwombe baba asogeze mgongo kidogo.

"Mwambie auhesabu kama wingu," akajibu, na hakusogea.

Mutiso alipokusanya vigae kumi vya kwanza alivipanga chini akavizunguka kwa wasiwasi.

"Mama Nyaboke, hizi mbona hazifanani? Watu ya Nyamira watasema tulikosea."

Baba mkwe akamjibu kutoka upande wake, "Bwana Mutiso, ni jua haifanani. Sisi tunafuata tu."

Halafu zikaja siku tatu za mawingu mazito, mvua inanyesha kuanzia asubuhi badala ya kungoja alasiri yake ya kawaida. Kengele ililia, nikaweka kigae, hakuna mwanga hata mraba mmoja. Mstari wa kwanza mweusi wote. Na kwa sharti letu, nyeusi na nyeusi zinafanana, unaacha, unaacha, mpaka chini. Nilikaa siku tatu nikisoma kwa sauti, acha, acha, acha, mara mia mbili na zaidi kwa kila kigae, na baba mkwe akisikiliza kwa makini kabisa. Siku ya nne Mutiso akaja.

"Siku tatu umefanya nini?"

"Nimemaliza vigae vitatu."

Akavigeuza mbele na nyuma. "Kazi iko wapi?"

"Na jua ilikuwa wapi?" baba mkwe akauliza. Mutiso akatazama paa, akatazama vigae, akaenda kutafuta maji ya kunywa. Vigae hivyo vitatu viko ukutani hadi leo, na watoto wa Nyamira wanadhani fundi aliishiwa.

Kigae cha ishirini na tisa ndicho kilichotaka kunirudisha shambani. Nyaboke alikuwa anaota meno, ana homa, sikuwa nimepata usingizi siku mbili. Nilichukua mstari wa kwanza vizuri, nikausoma kwa sauti, nikaendelea na wa pili na wa tatu. Kisha mdomo ukanyamaza na mkono ukaendelea. Nilikuwa nasinzia huku nakwaruza. Na katika kazi hii kosa halikai mahali pake. Mraba mmoja ukikosea, mstari unaofuata una makosa mawili, na linateremka hivyo, linapanuka, mpaka chini.

Baba mkwe alisikia spoki inakwenda ovyo. "Rudia," akasema. Sikusikia. Akasema tena, kwa sauti, na mara ya tatu wachongaji wote wakageuka. Mimi naendelea tu. Ndipo alipoinuka, akazunguka kiambaza, yeye ambaye hakuwahi kukizunguka, akanishika mkono pamoja na spoki.

"Basi."

Nilizinduka nikaona vidole vyake vyenye vumbi jeupe juu ya vyangu. Naye akaviona. Aliuachia mkono wangu haraka, akarudi nyuma hatua mbili. Kwamboka aliangusha jiwe kwenye karai. Baba mkwe alichukua koti lake msumarini, akatoka, akaacha hata patasi zake.

Mkono tu, mtasema. Nilijua mtasema hivyo. Mbele ya watu kumi, baba alikuwa amemshika mke wa mwanawe. Nilitembea haraka sana siku ile, lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alinipokea mtoto mgongoni bila kunitazama. Mume wangu alikuwa amekaa na daftari za wanafunzi mbele yake, kalamu mkononi, hajasahihisha hata moja.

"Acha hiyo kazi," akaniambia. "Watu hawatauliza nani alimshika nani. Watasema tu."

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili, uani kwa baba mkwe. Mbuzi alichinjwa ili mambo yasafishwe, ingawa sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji aliyepita njiani alijifanya hasikii harufu ya nyama. Wanawake tulikaa kando, tunasikia. Wazee hawakumkasirikia mtu. Walisema wazi kwamba wawili hawa hawawezi tena kukaa chini ya paa moja, kiambaza kiwepo kisiwepo. Mmoja atoke. Na hawakuhitaji kusema yupi, maana mwanamke ana migomba, ana chai ya kuchuma, na mzee ana kazi ya maisha yake yote. Hata mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Nitawaambia ukweli, niliumia. Nilitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na mume wangu, Mungu amrehemu, alilijua hilo. Nilikuwa na vigae ishirini na vinane vyema na kimoja kibovu, na nilikuwa naona wazi kwamba Jumatatu nitaamkia shambani, na vilivyobaki atapewa mtu atakayeviremba kwa twiga.

Baba mkwe ndiye aliyesema mwisho.

"Aliyezunguka kiambaza ni nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni mimi. Basi anayetoka ni mimi."

Mmoja wao akamwambia, ndugu yetu, wewe uko na jiwe tangu ujana, huyu ana spoki wiki chache. Yeye akanyoosha mkono wa kulia mbele yao wauone unavyotetemeka, akauacha hewani mpaka wakainamisha macho. "Nyamira wanangoja vigae," akasema. "Hivi vidole havivimalizi. Vyake vitavimaliza."

Jumatatu nilikwenda Mosocho. Kwanza nilishughulikia kile kigae cha ishirini na tisa. Kuna watu siku hizi wanapenda kusema kosa ndilo uzuri wa kazi ya mkono. Mimi nilichukua msasa nikalisugua. Mistari ya chini yote niliiondoa, nikapaka rangi upya, nikakwaruza kama sharti linavyotaka. Mstari wa kwanza niliuacha, kwa sababu ulikuwa sahihi.

Siku iliyofuata kengele ililia, nikaweka kigae cha thelathini kwenye benchi, nikaona mwanga umeanguka wote, kutoka kushoto hadi kulia. Pale katikati hapakuwa na giza. Kigoda kilikuwa kitupu. Nilikaa na spoki mkononi muda, mpaka Kwamboka akaniuliza kama naumwa. Nikamwonyesha. Yeye ni mtu wa vitendo, akaenda akachukua gunia akalitundika kwenye matete mahali pa mgongo wa mzee, ili vigae vya mbele na vya nyuma vifanane. Nikakwaruza kigae kizima kwa kivuli cha gunia. Jioni nilikitazama nikaona nimedanganya, nikakisugua chote. Kesho yake nikaanza upya kwa mwanga ulivyoanguka, na ndivyo nilivyofanya hadi cha arobaini na nane. Niliendelea kusoma kwa sauti, kwaruza, acha, ingawa upande wa pili hapakuwa na wa kuniambia nirudie. Wachongaji walizoea.

Ukumbi ulifunguliwa siku ya jua kali. Watu walikuja hata kutoka Keroka. Vigae vilikuwa ukutani mbele, na chini yake Mutiso alikuwa amebandika kibao cha jiwe chenye jina la baba mkwe, kwa herufi kubwa, kwa nia njema kabisa. Baba mkwe alikuja na fimbo, akaketi upande wa wanaume. Mimi nilikuwa nyuma upande wa wanawake, Nyaboke mapajani. Hakuwa ameviona vigae tangu alipotoka na koti lake.

Mutiso akasema, "Mzee, simama watu wakuone. Hii ni kazi yako."

Akasimama, lakini hakugeukia watu. Alikwenda ukutani, akaanza kufuata vigae kwa kidole bila kuvigusa, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kimoja, ukiacha vile vitatu vya mawingu, kilikuwa na ule weusi wa katikati ukishuka na kupasukia pembetatu. Katika safu ya tatu alifika cha ishirini na tisa, akaenda cha thelathini, akasimama. Akarudi cha ishirini na tisa. Akaenda tena cha thelathini.

"Hapa ndipo nilipotoka," akasema, kwa Kigusii, si kwa mtu yeyote.

Kisha akamgeukia Mutiso. "Bwana Mutiso, hiyo jina toa. Hii kazi ni ya Kemunto."

Kemunto ni mimi. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Kwetu baba mkwe hamtaji mke wa mwanawe kwa jina, anasema mama fulani. Wazee wawili wa kikao kile walikuwa wameketi mstari wa mbele, na aliwatazama alipolisema. Mama mkwe aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi nililia, na mtoto kwa kuniona akalia pia, ikabidi nitoke nje.

Kwamboka aliniambia baadaye kilichoendelea. Mutiso, ambaye alitaka kumfurahisha kila mtu, alisema basi tuandike majina yote mawili. Baba mkwe akakataa. "Yetu hayawezi kukaa jiwe moja," akamwambia. "Andika la kwake."

Nilikwaruza kibao hicho mwenyewe, herufi saba, nayo K nikairudia. Nendeni Nyamira mkaone. Lake halikuandikwa popote. Naye mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe, kwa hiyo sikulitaja alipokuwa hai, wala siku tulipomzika, wala katika kurasa hizi. Sasa nina miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo siku ile ukumbini, na watakaonisema waniseme. Sharti la miraba miwili, na ule mgongo ulio kwenye vigae hadi cha ishirini na tisa, ni vya Momanyi.